Cherehani Iliyofungwa Maiki

Dada yangu wa mbali,

Futa machozi. Kaka yetu, aliyetoroka na cherehani ya mama miezi mitano iliyopita, nimempata mimi niliyekimbia shule, siyo nyinyi wasomi!

Nilimkuta gereji, kwenye bendi ya roki ya ajabu: gitaa moja, karai, na cherehani imefungwa maiki, inanguruma kama treni yenye mafua. Kumbe hakuiuza! Nilianza kwa kuwacheka, nikashtukia miguu yangu inacheza yenyewe.

"We chizi, mama bado ananilaani?" akaniuliza.

"Anakutandikia kitanda kila siku."

Akaibeba cherehani begani, tukarudi.

Sasa hivi mama anamgombeza huku akimpakulia sahani ya tatu.

Mdogo wako, kichwa cha ukoo.