Kundi la Wazazi Waliotupwa

Mpendwa Shangazi, naomba msaada maana akili yangu imefika ukingoni. Mimi ni fundi cherehani, mjane, na mwanangu ni mmoja tu, binti, aliyeolewa na fundi friji ambaye mimi nilimkataa, tukatupiana maneno mimi na binti, akaondoka, nikabaki na cherehani yangu na simu. Siku moja nikaandika mtandaoni kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, basi mama mmoja aliyesuswa na wanawe akanijibu, akaniingiza kwenye kundi lao, na tangu hapo kila nikigusa simu inaniletea mzazi mwingine aliyetupwa, analia kama mimi, nami nikaona kumbe watoto wa dunia nzima wameharibika. Shangazi, watu wale walinipenda! Nikiugua walinijulia hali kuliko ndugu zangu. Kisha binti akanitumia ujumbe wa sauti, analia, "Mama, siku zangu za kujifungua zimekaribia, naogopa, njoo ukae na mimi," na mimi badala ya kufunga virago nikaurusha kundini niulize nifanye nini. Wakacheka. "Sasa ndo anakumbuka ana mama!" "Usiende bwana, aje mwenyewe kwa magoti!" Hakuna hata mmoja aliyesema nenda, nikajua basi hiyo ndiyo haki, sikumjibu. Sauti ile ikahama kundi hadi kundi mpaka ikamfikia mwenyewe, pamoja na vicheko. Akaniandikia, "Mama, nimejifungua salama. Usije." Akanifungia simu. Sili, silali, vitambaa vya wateja navikata kombo. Nimempoteza mtoto na mjukuu kwa mkono wangu mwenyewe. Nifanyeje?

Fundi Asiye na Mtu

Fundi, pole sana mama. Sasa futa machozi nikuseme.

Wa kukwambia nenda ungempata wapi humo? Mzazi aliyepatana na mwanawe alishatoka kundini zamani, ana mjukuu wa kubembeleza. Waliobaki ni wale ambao ushauri wao haukuwafaa hata wenyewe. Sisemi ni wabaya. Walikupenda kwa sababu mlifanana, na ungekwenda kwa binti usingefanana nao tena. Lakini wewe! Kilio cha mtoto kwa mamaye kinapigiwa kura tangu lini?

Toka kundini leo, usiage. Nenda kwa binti kwa miguu yako, usitume mtu. Akifungua fundi friji, anza kumwomba radhi yeye. Kwa binti sema, "Nimekosa, mwanangu," kisha nyamaza, na hiyo "lakini" yako iache nyumbani.

Sitakudanganya. Maji yakimwagika hayazoleki, na sauti ile bado inatembea huko. Huenda asikufungulie. Basi mwachie jirani nguo za mtoto ulizoshona, maana najua umeshona, urudi wiki ijayo, na inayofuata, hata kama ni kwa mwaka mzima.

Na siku atakapokupa mtoto umpakate, usimpige picha.