Silindi Mizigo

Jumatatu, 3 Julai 1995

Nimeshuka basi Donholm kama juzi, nikatembea hadi nyumbani, mtaa wa Tena. Dakika arobaini na mbili. Juma lililopita zilikuwa arobaini na nane. Mguu wa kushoto unawaka moto. Na uwake.

Nimeukanda kwa maji ya chumvi. Ndinda, binti yangu, yuko kidato cha tatu na anajua kila kitu. "Mathe, Agosti bado. Tulia basi." Si bado. Ni wiki tano tu hadi safari ya kina mama wa kanisa.

Jumapili, 9 Julai

Mkutano wa kina mama baada ya ibada. Safari ya pwani ipo. Siku nne kisiwani. Mama Njoki, mwenyekiti wetu, yule anayeuza mitumba Gikomba, alitusomea karatasi ya nyumba ya wageni. Kuna njia ya matembezi kando ya bahari, kutoka hapo hadi kijiji cha upande wa pili. Njia nyepesi, tambarare, yafaa hata wazee na watoto. Saa moja kwenda. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote.

Kisha akagawa kazi. Nani ataongoza nyimbo, nani atabeba dawa. Akafika kwangu. "Mama Ndinda atabaki na mizigo, atutayarishie chai. Tunakuonea huruma, dada, usijichoshe." Akatabasamu. Wote wakaitikia ndiyo. Limepitishwa kabla sijafungua mdomo.

Hata wazee na watoto. Mimi sikupata nafasi hata hapo. Nimerudi nyumbani na hasira, nikasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Jumatatu, 10 Julai

Bado nina hasira. Naandika ili ipungue.

Polio ilinishika nikiwa na miaka mitatu, kule kwetu Machakos. Mguu wa kushoto ukabaki mfupi na mwembamba. Tangu hapo mimi ni mlinzi. Siku ya michezo shuleni nililinda sweta. Kwenye harusi nalinda mikoba. Wenzangu kazini wakienda kutembea, karani Mwikali, yaani mimi, abaki na funguo. Miaka arobaini na moja nalinda vitu vya watu wanaokwenda mahali.

Basi. Njia hiyo nitaitembea, mwanzo hadi mwisho, kwa mguu huu huu. Liwalo na liwe.

Jumatano, 12 Julai

Nimemwambia Mama Swaleh. Yeye ni jirani yangu wa mlango wa pili, mzaliwa wa pwani, na mahamri yake huamsha ploti nzima. Nilidhani atanionea huruma. Wapi! Aliuliza swali moja tu: hiyo njia iko juu ya ufuko au ni ufuko wenyewe? Nikamsomea karatasi. Akacheka hadi akaweka mwiko chini.

Njia ni ufuko wenyewe. Maji yakipwa, unapita. Maji yakijaa, hakuna njia, kuna bahari. Karatasi haikusema hilo kwa sababu kwao kila mtu analijua.

Nikamuuliza saa. Akataka siku kwanza. Jumatatu, tarehe saba Agosti. Alihesabu mwezi kwa vidole, akasema maji yatakauka kabisa saa moja na nusu asubuhi. Kufikia saa nne yatakuwa yamerudi kwenye mawe. "Na mchanga, mwanangu, unameza mguu. Lami haikufundishi mchanga."

Nitapata wapi mchanga Tena?

Ijumaa, 14 Julai

Nimeupata. Wanajenga ghorofa nyuma ya kiosk ya makaa. Lori lilimwaga mchanga jana, rundo refu kuliko mimi. Nilipotoka kazini nikaupanda. Kiatu changu cha kushoto, kile chenye soli nene, kilizama hadi kifundo. Nikaanguka. Nikapanda tena. Nikaanguka.

Askari wa mjengo, Mzee Mutiso, akaja na rungu lake. "Mama, huo ni mchanga wa watu." Nikamwambia umetoka mto wa Machakos, kwetu na kwake, kwa hiyo nina haki nao. Akakuna kichwa. Akaniruhusu, bora nisiutawanye.

Jumatano, 19 Julai

Rundo, siku ya nne. Naenda na kurudi mara thelathini. Watu husimama kutazama. Mama mmoja wa mtaa wa Umoja ameniuliza kama nina pepo. Nikamwambia ninalo, na linapenda mchanga.

Kila mtu hunipa methali. Mwenda pole hajikwai, mwenda pole hajikwai. Uongo. Mimi naenda pole na najikwaa vilevile.

Jumapili, 23 Julai

Nimefanya kosa la kusema ukweli mkutanoni. Nilisimama. Nikaeleza habari ya maji, kwamba lazima tutoke saa kumi na mbili asubuhi. Ratiba yao inasema maombi saa mbili, chai saa tatu, matembezi saa nne.

Mama Njoki alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite. Kisha akasema hatuwezi kutoka bila maombi wala bila kitu tumboni, sisi si ng'ombe. "Na bahari iko pale pale, Mama Ndinda. Itaenda wapi?"

Wakacheka. Mimi mwenyewe mwaka jana ningecheka. Sisi watu wa Nairobi tunajua maji ya mfereji na ya bwawa. Maji yanayoondoka na kurudi kwa saa zake hatujapata kuyaona.

Nikasema pia kwamba mimi natembea. Halafu mama mmoja akasema kwa upole, lakini chai je? Eti chai je! Nilikaa chini kwa sababu ningemtukana, na tulikuwa kanisani.

Jumamosi, 29 Julai

Goti limevimba. Nilizidisha. Sijatoka nje leo. Naogopa. Ndiyo, naogopa, hakuna anayesoma hapa. Naogopa kukwama katikati ya ufuko, maji yarudi, waje kunibeba mgongoni huku wakiimba. Afadhali nife.

Ndinda amenichemshia maji bila kuambiwa. Hakutania. Hilo ndilo limenitisha zaidi.

Alhamisi, 3 Agosti

Uvimbe umeisha. Rundo limeisha pia, limekuwa ukuta. Mzee Mutiso amenipungia mkono. Mama Swaleh amenifungia mahamri kumi na maneno mawili: usivae kiatu.

Nisivae kiatu! Sijatembea nje bila kiatu mbele ya watu tangu nikiwa msichana.

Jumamosi, 5 Agosti

Tumefika kisiwani. Mchana kutwa kulikuwa na maji hadi kwenye ngazi za nyumba ya wageni. Jioni nikachungulia, hayapo. Ameyanywa nani? Mchanga mtupu, mpana kama Jogoo Road mara tano. Nilitaka kumwita Mama Njoki aone. Alikuwa anapanga vitanda. Nikaacha.

Jumapili, 6 Agosti

Ibada, chakula, nyimbo. Baada ya chakula cha jioni nilimwendea Mama Njoki peke yake. Nikamwambia kwa heshima: kesho natoka saa kumi na mbili. Anayetaka aje. Chai sitachemsha.

Alinishika mkono, akasema ataniombea nipate busara. Sina ugomvi na maombi. Lakini sikuomba kuombewa.

Jumatatu, 7 Agosti

Niandike yote kabla sijasahau hata kidogo.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano nilishuka ngazi. Wenzangu wanakoroma. Kiatu nikakifunga kamba, nikakitundika shingoni. Mguu wangu ukakanyaga mchanga uchi, mwembamba, na jua halijatoka kuuona.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mchanga wa juu ni laini, unameza kweli. Nikashuka karibu na maji, kwenye mchanga mgumu. Bahari mkono wa kulia, nchi kavu mkono wa kushoto. Nikatembea. Baada ya hatua kama mia hivi nikasimama. Kuna kitu hakikuwa sawa. Nikajipapasa nyonga.

Sichechemei.

Ufuko umeinama. Unashuka kuelekea maji. Mguu wangu mfupi ulikuwa upande wa juu, mrefu upande wa chini, na mabega yangu yalikuwa sawasawa. Nikatembea tena hadi jua likachomoza, nikiangalia kivuli changu kwa mwanga ule mdogo. Kilikwenda wima kama vivuli vya watu wengine. Miaka arobaini na moja! Nililia kwa sauti, kamasi na yote. Hakukuwa na mtu wa kuniambia pole.

Kwenye mawe nilipita kwa makalio. Sioni haya. Ng'ambo kulikuwa na wanawake wamefunga kanga, wanachokoa pweza mwambani kwa vyuma. Mmoja akaniuliza waziwazi, mguu umefanyaje? Nikamwambia polio. Akasema pole, akanionyesha kwa kidevu: kijiji kile pale. Akaendelea na pweza wake. Nilimpenda mtu yule.

Nilifika saa moja na robo. Mwisho wa njia kuna ukuta mfupi wa mawe na kuku wawili. Nikaketi ukutani. Nikala mahamri matatu. Nilikuwa nimefika mahali, na hapakuwa na mzigo wa mtu yeyote karibu nami.

Kurudi ni habari nyingine. Sasa mguu mfupi uko upande wa chini. Nilichechemea mara mbili, nyonga ikapiga kelele, nikapumzika kila hatua hamsini. Maji yalikuwa yanarudi polepole, yananilamba visigino. Nilipita mawe yakiwa bado makavu juu. Saa tatu na nusu imekwisha kupita.

Karibu na nyumba ya wageni nikawaona. Wanashuka ngazi kwa mstari, kofia, mikoba, wimbo. Wamechelewa hata kwa ratiba yao, maana ilibidi wajichemshie chai. Nilikuwa nimelowa, peku, nywele zimesimama. Nikasema mara moja tu: maji yanarudi, hamtapita. Mama Njoki akanitazama miguuni, halafu usoni. "Tumeshaomba," akasema. Wakaendelea.

Nikaenda kuketi kivulini. Nusu saa baadaye wamerudi, sketi zimelowa hadi kiunoni, viatu mkononi, wimbo umekwisha. Mawe yalikuwa yamefunikwa. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Sikucheka. Nilitaka kucheka, nikajiziba mdomo na hamri la nne.

Hakuna aliyeniuliza kule mwisho kuna nini. Waliuliza tu kama kuna taulo kavu.

Jumanne, 8 Agosti

Leo jioni tunaondoka. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimekaa ngazini nikitazama maji yakitoka. Mama Njoki akaja, peku, viatu hana. Aliketi. Akauliza, kule mwisho kuna nini? Nikamwambia, nenda ukaone. Akasema haijui njia. Nikasema mimi naijua, lakini mwendo ni wangu.

Tumekwenda. Alikuwa nyuma yangu. Yeye ana miguu mizuri, mara mbili tatu alinipita kwa mazoea, akakumbuka, akasimama kunisubiri nimpite. Mguu unauma leo kuliko jana.

Kwenye mawe alinyoosha mkono anishike. Nikautazama ule mkono, nikasema hapana asante. Nikapita kwa makalio, kama jana. Kisha nikageuka. Alikuwa hatua moja nyuma yangu, jiwe lina mwani, akateleza. Akanishika bega kwa mikono yote miwili. Ni mama mzito. Nikaukaza mguu wa kulia, nikauacha wa kushoto ufanye unachoweza, nikasimama.

Alinishikilia hivyo akihema mpaka akapata pa kukanyaga. Kisha tukaendelea hadi kijijini.