Kipima kina cha Mzee Nicodemo

Zita, yaani huyu Mzee Nicodemo. Amenunua mashine ya kupima kina cha ziwa.

Kile kidude cha kuzamishwa majini amekifunga NDANI ya mtumbwi, eti kisilowe. Anasema ndivyo walivyofunga vitu kwenye kombaini za kuvunia, enzi zake za kazi kwenye shamba la ngano.

Mtumbwi umevuja, mashine ikapima maji ya humo ndani. Sentimita ishirini, katikati ya Ziwa Basotu.

Perpetua, aliyekuwa naye mtumbwini, akashusha kamba yake yenye jiwe, ikaisha yote. "Mzee, hapa kina ni kirefu."

"Jiwe ni la wasiosoma." Akashuka na mabuti yake amwonyeshe.

Akashuka, Zita. Akapotea mzima.

Perpetua kamvuta kwa kasia. Katema maji, kakohoa, halafu anasema, "Mashine iko sawa. Ziwa ndilo limekosea."