Kadi Tatu na Ini la Mbuzi

Jumatatu, 6 Juni 1983
Nimetoka hospitali. Tangu kaka Raphaeli afe kwa kansa ya utumbo mpana, Daktari anasisitiza kwamba sisi tuliozaliwa naye tumbo moja tupimwe, hata kama hatuumwi. Njia ni mbili. Kadi: unapaka choo kidogo, asubuhi tatu, na dawa huonyesha kama kuna damu isiyoonekana. Au bomba lenye taa — linapita nyuma. Nikauliza ipi bora. Kadi haiumizi lakini inakisia, akasema. Bomba linaona kwa macho, ila halifiki mbali.

Nimechagua kadi. Sijazoea kumpa mtu mgongo ninapozungumza naye.

Sharti: nisile nyama nyekundu tangu leo mpaka kadi ziishe, maana damu yake huidanganya dawa.

Ijumaa, 10 Juni
Maharage. Jana pia maharage.

Leo kadi ya kwanza. Mke wangu Enesi aliniona naelekea chooni na kalamu ya kuandikia tarehe. Mwalimu, akaniuliza, leo unakwenda kusahihisha?

Nikafunga mlango. Anacheka mpaka sasa.

Jumamosi, 11 Juni
Kadi ya pili nimeimaliza alfajiri. Saa nne wakaingia wakwe kutoka Hasamba, kuja kumposa Tumpe wetu — kwa miguu, na mbuzi wao kwenye kamba.

Kwetu baba wa binti hupewa ini kwanza, na hakuna anayekula kabla yake. Akilikataa, ameikataa posa. Nikakaa nalo mkononi. Ningesemaje? Mbele ya wakwe neno choo halitamkiki.

Mshenga wao, Lusubilo, akasema: Mzee, ini linapoa na bwana harusi anazeeka. Watu wakacheka. Tumpe alikuwa mlangoni mwa jiko, hacheki.

Nikala. Halikuiva vizuri, damu ilichuruzika mpaka kwenye mkono wa shati. Baada ya maharage yale — tamu sana.

Jumapili, 12 Juni
Kadi ya tatu, kabla ya kanisa. Nilijua imeharibika. Nikapaka hivyo hivyo. Kazi haiachwi nusu.

Jumanne, 14 Juni
Hospitali, pamoja na Enesi. Naandika nikiwa kwenye benchi.

Kadi ya kwanza haikubadilika. Mbili zimegeuka bluu, yaani zina damu. Enesi akamweleza Daktari habari za ini, hakuacha kitu, hata shati. Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Basi ni mbuzi huyo, akasema; rudia kadi, mzee, safari hii bila posa.

Nilicheka nao. Kisha nikaikumbuka kadi ya pili. Alfajiri ile mbuzi alikuwa bado njiani anatoka Hasamba.

Nikamwambia Daktari nataka bomba. Akanitazama, akaacha kucheka, akaenda kumwita muuguzi.

Enesi anauliza kwa nini nisirudie kadi tu, mimi niliyeliogopa bomba. Nimemwambia nimeyachoka maharage. Amenipiga kofi la bega, anacheka. Sasa anapanga tutakachowapikia wakwe wakirudi.

Muuguzi ananiita. Nivue viatu, anasema, na suruali, na