Kwa Wifi Mwanamvua, Aliyeuliza Kila Magharibi

Leo ni Ijumaa, tarehe 3 Machi 1978. Ni mwaka mmoja sasa, wifi yetu Mwanamvua Pazi, tangu ulipotutangulia mbele ya haki, ukiwa ungali muuguzi wa zahanati yetu hapa Marui.

Tunakumbuka siku ya harusi moja hapa kijijini, binti yetu Siwema alipoanguka kifafa kando ya mafiga. Watu walirudi nyuma wakipiga kelele, "Msimguse! Povu litawarukia!"

Ukajibu, "Likiruka, litanirukia mimi. Ondoeni moto." Ulimlaza ubavu, ukamkinga kichwa kwa khanga yako. Kaka yangu Mashaka alipoleta kijiko amtie mdomoni, ulimwambia, "Kijiko hicho kalie pilau, shemeji." Pilau ilipokuja, Siwema alitengewa sahani ya peke yake. Ulikwenda ukala naye sahani hiyo hiyo, watu wote wakitazama.

Ukamwanzishia vidonge, kimoja kila jioni. Mwaka mzima hakuanguka. Ilipoingia Ramadhani, mimi mama yake nikakosea, nikamwachisha vidonge: nilidhani amepona, tena niliona vibaya mfungaji kutiwa dawa tumboni. Siku ya kumi kifafa kilimkuta kisimani, akatumbukia. Wachota maji wenzake walimwopoa akiwa hoi.

Ulikuja mbio kwa miguu. Nilitazamia unitukane. Ukasema, "Wifi, kwani jioni hafuturu? Basi kidonge na uji vikutane. Kutoanguka si kupona. Ni dawa inayomshika."

Kwa kuwa sikujua kusoma, ulinipa kibuyu, nitie punje ya kunde kwa kila kidonge anachomeza. Baadaye ukanitania, "Panya wakila kunde zako, wifi, tutamwuliza nani? Nenda kisomo." Nilikwenda. Sentensi ya kwanza niliyoiandika peke yangu ni hii: Siwema amemeza.

Hata ulipougulia nyumbani kwetu, sauti ikiwa karibu kwisha, kila magharibi uliuliza, "Kameza?" Hukufumba macho kabla ya kujibiwa.

Siku hizi hakuna anayeuliza. Lakini adhana ikisha, Siwema husimama mlangoni pa chumba chako akasema, "Nimemeza, shangazi."

Tunaokukumbuka ni kaka yako Salumu, shemeji yako Mashaka, Siwema wako, na mimi wifi yako Swaumu, niliyeyaandika haya kwa mkono wangu. Maadamu tu hai, daima tutakukumbuka.

Nawe uliyesoma, msomee jirani asiyejua kusoma, naye amwambie mwenzake: anayeanguka asikimbiwe, na dawa yake isiachwe.