Mafundo Kumi na Moja

Al-Nuzha, Jeddah
Ijumaa, 14 Oktoba 2022

Kaka yangu mpendwa Elkanah,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku kwenye joto lisilojua kwamba mwezi wa kumi umefika. Natumaini wewe ni mzima, wifi yangu Terry ni mzima, na kifua cha mama kimetulia sasa mvua zimeanza huko Port Victoria. Je, anameza dawa kweli au bado anazitema uani ukigeuka? Msimamie mpaka ameze, usikubali tu kuambiwa. Mimi ni mzima wa mwili. Mambo ya moyo utayasoma mwenyewe.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Simu yangu siku hizi inalala chumbani kwa madam. Napewa dakika kumi siku ya Ijumaa, na hizo dakika naketi mbele yake. Yeye Kiswahili hajui, lakini binti yake mkubwa ana simu inayotafsiri kila kitu, hata kikohozi, kwa hivyo sithubutu. Na sababu ya kunyang'anywa simu ni zile chambo zako. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, na tafadhali usiruke mistari, maana nakujua.

Uliponiambia mwezi wa sita kwamba doria ilibeba nyavu zako zote, na kwamba yule mwenye hoteli ya kisiwani yuko tayari kukuajiri uwapeleke wageni wake kuvua samaki wa mbuta kwa fimbo ya ndoana, mradi ufike na chambo bandia zako mwenyewe kabla ya Desemba, nilifurahi. Kisha nikaanza kushuku. Mtu ana hoteli nzima, anashindwaje kununua chambo? Bado najiuliza. Lakini ni kazi, na wewe huna nyingine, kwa hivyo nilitoa riyali mia moja na ishirini nilizokuwa nazo, nikajua zikipotea hakuna zingine mpaka mwaka ujao.

Tungekuwa bado Riyadh nisingejua hata pa kuanzia. Lakini tangu baba wa nyumba ahamishiwe kazi huku Jeddah mwaka jana, bahari iko karibu na maduka ya wavuvi ni mengi. Shida ni kwamba mimi sitoki. Anayetoka ni Laban, dereva wetu, kijana wa Naivasha ambaye alikua akiwasukumia wazungu mashua kule ziwani wakivua kwa chambo hizo hizo. Hata huku, siku yake ya mapumziko huwa anavua ufukweni na Wafilipino. Nikamweleza shida yako, na nikajuta hapo hapo, kwa sababu alikubali haraka mno. Mtu wa kukubali haraka hivyo ana lake jambo.

Aliniuliza maswali kama askari wa uhamiaji. Maji ya huko ni safi au yana tope? Kina ni kiasi gani pale mbuta wanapolala? Wanakula nini? Nikamwambia wanakula visamaki vya omena na fulu, na maji yana tope karibu na mto. Lakini moyoni nilijiuliza mbona anataka kujua mahali mbuta wa kaka yangu wanapolala. Akasema kwa pesa hizo nisitamani zile zinazong'aa dukani, kwamba mtu anayeanza anahitaji chache za kumfikisha kwenye kila kina. Akaleta vichwa vitatu vya chambo, vya madini ya risasi, vilivyochorwa macho, vizito kwa vyepesi, vimefungwa nywele za mnyama kwa uzi mwekundu. Hivyo unavidondosha mpaka chini kisha unavirusha-rusha polepole. Akaleta samaki wawili wa plastiki wenye ulimi mdomoni. Mwenye ulimi mrefu anazama sana, mwenye mfupi haendi mbali. Mmoja ni wa manjano kwa ajili ya tope, mwingine ana rangi ya omena. Na pakiti ya mikia ya mpira, ya kuvisha kwenye ndoana nywele zikiisha. Ndoana zenyewe alizivuta na koleo moja moja mbele yangu, akakataa mbili zilizonyooka akazirudisha dukani, maana alisema mbuta hana huruma na ndoana nyembamba.

Sasa sikia. Chini ya pakiti nilikuta risiti. Yeye alikuwa ameniambia zimegharimu mia na ishirini kamili, na risiti ilisema mia na sitini na tano. Kaka, nilikaa na hiyo karatasi siku mbili. Mtu akikudanganya kwa kuongeza bei, huyo ni mwizi wa kawaida, unamjua na unamwepuka. Lakini anayekudanganya kwa kupunguza, huyo anataka nini? Nikasema kikulacho ki nguoni mwako. Ama anataka kunioa kwa nguvu ya deni, ama siku moja atakuja kuzichukua na kusema ni zake, na risiti anayo kichwani. Kumshukuru hakukunijia hata kidogo. Sikumuuliza pia.

Laban ndiye hubeba chupa za maji mpaka stoo iliyo karibu na chumba changu, na mlango wangu hauna ufunguo. Basi nikazifunga chambo zote ndani ya soksi nyeusi, nikazungusha uzi, nikapiga mafundo kumi na moja, mafundo yangu ya kushoto yale mama alitufundisha ya kufunga gunia la omena. Mtu akiifungua hawezi kuyarudisha vile, nitajua. Nikaisukuma soksi chini ya godoro, na kila jioni nikawa nayahesabu mafundo kwa kidole.

Ona sasa ujinga wangu. Nilipofika nchi hii mara ya kwanza nililala wiki tatu katika nyumba ya ajenti kule Shumaisi, Riyadh, na dada mmoja aitwaye Njeri alitukalisha wageni wote akatuonya. Nywele za kichana choma. Uzi uliobaki ukishona choma. Usiweke kitu cha ajabu ajabu kitandani, maana mtoto wa watu akiugua wataanza na chumba chako, na neno litakalotajwa ni uchawi, na hapo ikama, kile kibali cha kuishi, haikusaidii kitu. Miaka minne nimechoma nywele zangu chooni kama mwehu. Halafu nikachukua nywele, uzi mwekundu, risasi yenye macho na ndoana, nikavipigia mafundo na kuvilalia!

Mtoto wa mwisho wa madam alishikwa na homa. Siku tano hakula, hakulala, na daktari hakuona kitu. Shangazi yao akapiga simu kutoka Riyadh akamwambia madam atazame vyumba vya wafanyakazi. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia ukelele, nikajua kabla ya kuitwa. Nilipofika, soksi ilikuwa sakafuni na madam amesimama mbali nayo, anasoma dua huku amemkumbatia mtoto. Mama wa watu alikuwa anatetemeka, na nisikudanganye, ningekuwa yeye ningetetemeka pia.

Baba wa nyumba alikuja kutoka kazini. Huyo ni mtu mtulivu. Alikata uzi kwa mkasi akisoma aya, akamwaga vitu kwenye sinia, na nilimwona uso ukilegea. Alimwambia mkewe kwamba hizi ni za kuvulia, hata yeye alikuwa nazo ujanani. Nikashusha pumzi. Kisha akaokota ule uzi, akauinua, akaniambia polepole kwamba chambo anazijua, kisha akauliza mafundo haya ni ya nini, na nani aliyeyafunga. Madam akasema polisi waitwe. Kwao mafundo si kitu kidogo, yametajwa katika kitabu chao, na wewe hebu fikiria ningeeleza vipi, kwa Kiarabu changu cha jikoni, kwamba nilimshuku dereva.

Elkanah, hapa ndipo nilipokuwa nikielekea tangu mstari wa kwanza, na mkono unakataa. Nilisema mafi, hapana, baba, si zangu. Nikasema ni za Laban, kwamba alinipa nimwekee zikiwa tayari zimefungwa hivyo. Kwamba yeye ndiye aliyezinunua ni kweli. Hayo mengine ni uongo, niliusema nikiwa na akili zangu, na nikarudia nilipoulizwa mara ya pili.

Laban aliitwa barazani na mlango ukafungwa. Sikusikia walichomuuliza wala alichojibu. Polisi hawakuitwa. Baba alisema tu halas, basi, apewe exit yake, ile ruhusa ya kutoka nchini, na aondoke wiki hii. Simu yangu nayo madam akaichukua siku hiyo hiyo. Mtoto alipona kesho yake, na hilo likazidi kumharibia mwenzangu. Jioni alikuja mlangoni mwa jikoni kuniaga. Alisema alijua siku hiyo ingefika tangu madam apate leseni aanze kujiendesha mwenyewe, maana dereva wa kuosha magari tu hakai. Hakutaja soksi wala mafundo. Alisema chambo amerudishiwa, kwamba Naivasha hadi Port Victoria si mbali kwa mtu asiye na kazi, na kama nina barua niandike. Nikamtazama usoni nitafute kama anajua. Nimezoea kusoma watu, lakini huyo sikumsoma.

Kwa hivyo mtu aliyekuletea barua hii, ambaye huenda bado ameketi hapo kwako akisubiri chai, ndiye yeye.

Nimebandika bahasha kwa gundi ya watoto na kupitisha sahihi yangu juu ya kifuniko, kwa sababu hata sasa, Mungu anisamehe, sikumwamini asiifungue. Itazame vizuri. Ukikuta sahihi ni nzima, msomee barua yote kwa sauti, usiruke neno, maana mimi nilikuwa naye mlangoni na nikashindwa kukiri. Ukikuta imekatika, basi amejua tangu Jeddah, na bado amekuja mpaka kwako na mzigo wako. Hapo usimsomee chochote. Muulize kama atakubali kukufundisha kuvua.

Nisalimie mama, mwambie nipo. Msalimie wifi Terry na watoto, na jirani yetu mzee Zacharia. Nionyeshe huruma ukiweza, na usipoweza nitaelewa.

Ni mimi dada yako,
Serah