Idhini ya Kushuka Mto

Kanada, 9 Aprili 1982

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, nakubusu mikono. Mimi mzima alhamdulillahi, ila baridi ya huku bado haijatuhurumia. Goti lako vipi? Na dada yangu Amna na watoto huko Nizwa?

Mama, nna jambo. Chuo kikifungwa, mimi na Khalaf, yule mwenzangu wa Sur, tunataka kushuka mto mmoja wa kaskazini kwa mtumbwi. Ndege ndogo inayotua majini itatushusha ziwani, kisha tupige kafi mpaka penye daraja la kwanza. Njiani hamna mji, hamna duka, wala hamna wa kutuongoza. Tunajiongoza wenyewe kwa ramani. Tumezitandaza sakafuni, tunatia alama ya penseli kila penye maporomoko, pa kushuka na kubeba mtumbwi mabegani.

Utasema nimerogwa. Huko Ibra maji ya falaj, mfereji mmoja wa mji mzima, tunagawiwa kwa zamu, na watu wananuniana kwa zamu iliyowapita. Nataka nione maji yasiyo na mwenyewe. Lakini sitii kafi majini bila ya idhini yako.

Mwanao,
Sleyum

Ibra, 28 Aprili 1982

Mwanangu Sleyum,

Marahaba baba. Sisi wazima, goti tu ndilo linalonisalimu kila nikisujudu. Amna mzima, kanenepa.

Barua yako nimeisoma, nikaenda kuosha vyombo, nikarudi nikaisoma tena. Serikali imekupeleka ukasomee uhandisi wa maji, siyo ukatumbukie ndani yake. Umejifunza lini kuogelea? Kwenye birika la falaj, maji ya magotini, na huku unalia nikutoe? Huyo Khalaf ana mama? Mtumbwi ukipinduka, nani atakuoneni? Wanyama wakali hawapo? Na wali mtapikia nini?

Nijibu hayo kwanza. Halwa nimekuwekea, akitokea mtu wa kuja huko nitampa.

Mamako

Kanada, 16 Mei 1982

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mko wazima. Goti usilitese, sali kwenye kiti.

Tutavaa maboya kifuani. Khalaf mtoto wa pwani, anaogelea tangu hajaota meno, na mamake ameshamruhusu. Dubu wapo, kwa hivyo chakula tutakitundika mtini, mbali na hema. Wali tutapikia kuni. Maji makali tukiyasikia mbele, tunapanda ukingoni tunayatazama kwanza, na yakitushinda tunapita nchi kavu na mtumbwi wetu. Polisi tutawaachia njia yetu na siku ya kurudi. Tukipinduka, sikufichi, ni sisi wawili na Mungu.

Sasa nimekujibu yote. Niambie ndiyo au hapana. Ukisema hapana, wallahi ramani nazikunja.

Mwanao,
Sleyum

Kanada, 14 Julai 1982

Mama mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Natumai funga haijakuchosha. Jua la huku halina haraka ya kuzama, tunafuturu hatujiwezi.

Tangu Mei sijapata barua yako. Nilidhani imepotea posta, nikampigia simu Amna. Akanambia yangu umeipata, ila mtumbwi ukitajwa unatazama chini, husemi neno. Akacheka: "Mama kakaa kimya kama biharusi."

Hapo nikafahamu. Amna alipoolewa, ami alimwendea chumbani kumuuliza kama anaridhia, akarudia na kurudia, naye kainama hajibu. Wewe ndiye uliyetoka nje ukasema keshakubali huyo, mpigieni vigelegele. Haya zako zimenifurahisha, Mama. Idhini nimeipokea. Idi tutasali mjini, kesho yake ndege inatuchukua. Niombee dua.

Mwanao,
Sleyum

Ibra, 20 Julai 1982

Mwanangu Sleyum,

Natumai u mzima na swaumu unaiweza. Sisi wazima.

Nimekunyamazia makusudi, na wewe unajua kimya changu. Marehemu baba yako nikimnunia hatoki hata barazani mpaka alijue kosa lake. Wewe mwenyewe mdogo ukiniona nimekaza mdomo, ulichoshika unakirudisha chini. Nilitaka mto uuache kwa hiari yako, usije ukasema mama kanikatiza.

Lakini mwezi unaisha, sitaki Idi inikute na kinyongo. Basi nasema mwenyewe: siridhii. Usiende. Kunja ramani zako, uje nyumbani tukuone.

Mamako

Ibra, 11 Novemba 1982

Mwanangu Sleyum,

Sijui nikuulize hali vipi. Nakuandikia kwa sababu sina mwengine wa kumwambia.

Barua yako ya idhini ilinifikia habari zikiwa zimeshatangulia. Yangu haikufunguliwa. Khalaf kaniletea mkononi, kakonda hatazamiki. Kasema mvua ilikuwa kubwa, hamkuyasikia maporomoko mpaka mmeshapinda kona. Yeye alishika jiwe. Wewe ulishika mtumbwi, kwa sababu ukienda ule, hamna tena njia ya kurudi. Mtumbwi umeonekana. Wewe hujaonekana.

Amna analia kwa lile neno lake la biharusi. Namwambia anyamaze, kosa si lake. Neno moja tu nilitakiwa niandike, nikaliwekea kiburi. Sina eda ya kukaa, sina kaburi la kuzuru. Watu wanakuja wananambia nisubiri, nami subira imenishinda, baba. Nalala sinayo, naamka sinayo.

Jana Khalaf kasema polisi wa huko wanauliza kama watu wa nyumbani tunaridhia kutafutwa kwako kufungwe. Soud, mume wa Amna, akasema tusimsumbue Mama, tusijibu, watafahamu wenyewe kama tumekubali. Wote wakanitazama.

Nikasema siridhii.

Khalaf akainamisha kichwa. "Mama, mto umeshaganda. Tangu Septemba hakuna anayetafuta. Wanataka karatasi tu."

Nikamwambia mimi sikuulizwa habari ya barafu. Nimeulizwa kama naridhia. Siridhii, na aandike hivyo mbele yangu, niione.

Akaandika.

Mamako